Mtoto ameungua kwa chai: maji, dawa ya meno au yai?

Mama mmoja wa Wete, Pemba, ameniandikia hivi: "Mwanangu wa miaka miwili alilikamata birika la chai lililokuwa jamvini tukifuturu, likammwagikia kifuani na mkono wa kulia. Nilikimbilia maji, bibi yake akanizuia, akasema maji yatamtoa malengelenge. Akampaka dawa ya meno, kisha ute wa yai. Hospitalini waliyaosha yote yale mtoto akipiga kelele, na muuguzi akatugombeza mbele za watu. Alhamdulillahi, kidonda kimeshafunga, lakini kovu limekuwa gumu. Nataka kujua nani kati yetu alikuwa sahihi, na ajali nyengine za nyumbani mtu afanye nini kabla ya kufika hospitali, maana kwetu gari usiku haipatikani upesi."

Dada yangu, nakupa pole, na nakujibu moja kwa moja: wewe ndiye uliyekuwa sahihi. Bibi naye hakufanya kwa ubaya, alifanya alivyofanyiwa watoto wake na alivyofanyiwa yeye. Muuguzi aliyekugombezeni mbele za watu alikosea, kwa sababu mzazi aliyeaibishwa leo ndiye atakayechelewa kumleta mtoto kesho. Nimefanya kazi ya uuguzi Unguja kwa miaka mingi, sehemu kubwa katika chumba cha dharura, na sikumbuki kumwona bibi hata mmoja aliyempaka mjukuu wake dawa ya meno kwa chuki.

Chai ya moto inapomwagika haichomi juu tu ikaishia hapo. Joto huingia ndani ya ngozi na kubaki humo, likiendelea kushuka chini na kuharibu nyama ambayo dakika ya kwanza ilikuwa bado nzima. Kwa hiyo hata chai ikishafutwa na nguo ikishavuliwa, mtoto bado anaungua, na kinachoweza kuuzuia uharibifu ule ni kuliondoa lile joto. Maji ya kawaida yanayotiririka juu ya pahala palipoungua kwa dakika 20 hufanya kazi hiyo kuliko dawa yoyote ninayoijua. Faida yake ni kubwa zaidi yakianza mara moja, lakini yanasaidia hata ukichelewa kuanza, maadamu hazijapita saa 3 tangu kuungua. Ama malengelenge, hayo huletwa na joto lililoingia kiasi fulani ndani ya ngozi, likaitenga tabaka ya juu na ya chini na maji ya mwili yakajaa katikati. Huchukua muda kujitokeza, na kwa kuwa mtu humwagiwa maji kwanza na malengelenge yakatoka baadaye, wazee wetu waliona kwamba maji ndiyo yaliyoyaleta. Ukweli ni kwamba yangetoka vilevile, na pengine makubwa zaidi, bila ya maji.

Najua utaniuliza: maji ya kutiririka dakika 20 yatoke wapi, na mfereji wenyewe hutoa maji siku moja na siku mbili haukohoi? Si lazima uwe mfereji. Mketishe mtoto ndani ya beseni kubwa au karibu na karo, chukua ndoo ya maji safi na kata au kopo, umwagie taratibu, bila ya kumwaga kwa nguvu, ukihakikisha maji yanapita juu ya pahala palipoungua muda wote. Maji yakiwa machache, yale yaliyokwisha kuanguka kwenye beseni safi yanaweza kuchotwa tena madamu hayajapata joto. Maji ya mtungi, kwa ubaridi wake wa wastani, ndiyo hasa yanayofaa. Barafu haifai, wala maji yaliyotoka kwenye friza, kwa sababu baridi kali huibana mishipa ya damu na kuiumiza ngozi iliyokwisha kuumia. Dakika 20 ni ndefu sana mtoto akiwa analia, kwa hivyo tazama saa, usikisie. Wakati huo huo sehemu nyengine za mwili wake zifunike kwa kanga kavu au shuka, hasa akiwa mchanga, kwani mtoto mdogo aliyeloweshwa hupoteza joto la mwili upesi na hilo nalo ni hatari.

Dawa ya meno haiondoi joto, hulifunika. Ule ubaridi unaousikia ni wa mnanaa, unaidanganya ngozi tu. Yai bichi linaweza kubeba vijidudu na kuviingiza kwenye nyama iliyo wazi. Unga, asali ya dukani, mafuta ya nazi, samli, siagi, majivu na wino, vyote nimewahi kuvikuta juu ya vidonda, na vyote vina kasoro moja inayowasumbua madaktari: haiwezekani kuona kidonda kina kina gani mpaka vitolewe, na kuvitoa ndiko kulikomliza mwanao pale hospitalini. Bibi akikuuliza kwa nini hampaki kitu, mwambie mtaalamu amesema ngozi iliyoungua haihitaji kuongezewa kitu, inahitaji kupunguziwa joto.

Baada ya maji, yako mambo madogo yenye uzito, kama hayakufanywa kabla. Bangili, pete, saa, na ule uzi au hirizi iliyofungwa mkononi mwa mtoto, vivuliwe mapema ikiwa viko kwenye kiungo kilichoungua, kwa sababu kiungo kitavimba na kilichokuwa kimelegea asubuhi kitakuwa kitanzi jioni. Hirizi itunzwe, irudishwe akipona. Sina ugomvi nayo. Nguo iliyolowa chai ivuliwe mara moja, ila iliyogandamana na ngozi iachwe, ikatwe pembezoni tu. Kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi kisicho na manyoya, au kwa ile nailoni nyembamba ya kufungia chakula, ilazwe juu tu bila ya kukazwa kuzunguka mkono. Pamba isiguse kabisa, hunata. Malengelenge yasitumbuliwe, kwani ile ngozi juu yake ni bendeji ambayo hakuna duka la dawa linaloiuza. Kwa maumivu, parasetamoli ya maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa kulingana na uzito au umri inatosha. Asprini asipewe mtoto.

Nani aende hospitali? Chukua kiganja cha mtoto mwenyewe pamoja na vidole vyake: eneo hilo ni takriban asilimia 1 ya mwili wake. Mtoto yeyote aliyeungua zaidi ya kiganja chake apelekwe. Kwa ukubwa wowote, apelekwe aliyeungua uso, mikono, nyayo, sehemu za siri au kwenye kiungo kinachokunjika, aliyeungua kwa umeme au kemikali, aliyevuta moshi, na mtoto mchanga. Apelekwe pia yule ambaye pahala palipoungua pamekuwa peupe au peusi na hapaumi. Kutokuuma huko watu hukufurahia, kumbe ndiyo dalili ya kuungua kwa kina zaidi, mishipa ya fahamu ikiwa imekwisha kufa. Muulize pia daktari kuhusu sindano ya pepopunda.

Nguo ikishika moto, kama dera linavyoweza kunaswa na seredani mtu akipita uani, asikimbie. Kukimbia huupepea moto na kuupandisha usoni. Alale chini abingirike, na aliye karibu amfunike kwa blanketi zito la pamba au sufu au amwagie maji, kisha ndipo zianze zile dakika 20.

Nimeirefusha habari ya moto kwa sababu ndiyo uliyoniuliza, na kwa sababu ndani yake mna kanuni inayofaa kwa takriban yote yanayofuata: katika dakika za mwanzo, mara nyingi msaada uko katika kuondoa, na madhara yako katika kuongeza.

Chukua mfano wa mafuta ya taa. Nyumba nyingi bado zinayaweka kwenye chupa iliyokuwa ya maji ya kunywa au ya juisi, chini ya meza ya jikoni, na mtoto mwenye kiu hana njia ya kutofautisha. Akiyanywa, mtu wa kwanza atataka kumtapisha kwa kidole, wa pili ataleta maziwa, wa tatu tui la nazi. Wote wazuiwe. Mafuta ya taa ni mepesi mno, na hatari yake kubwa si tumboni bali mapafuni. Anapotapika hupanda tena hadi kooni, kiasi kidogo tu kikaingia njia ya hewa, na kiasi hicho kinatosha kumletea homa kali ya mapafu. Maziwa na mafuta humjaza tumbo na kumkaribisha kutapika. Mvue nguo zilizomwagikiwa, muoshe ngozi kwa sabuni na maji, mketishe wima, na umpeleke hospitali pamoja na chupa yenyewe, hata kama anacheza. Kikohozi na kuhema haraka vinaweza kuja saa kadhaa baadaye, ndiyo maana madaktari hupenda wamtazame kwa saa 6 au zaidi. Hukumu ni hiyo hiyo kwa maji ya betri, dawa ya kuzibulia mabomba na dawa ya kung'arishia nguo: vilivyounguza wakati wa kushuka vitaunguza tena wakati wa kupanda. Vikiingia jichoni, hapo maji kwa wingi, jicho likiwa wazi, dakika 20 tena, kabla ya safari yoyote.

Kupaliwa kunahitaji uamuzi wa haraka zaidi. Mtoto anayekohoa kwa nguvu, analia na anaweza kusema, mwache akohoe. Kikohozi chake kina nguvu kuliko mkono wako. Anayehitaji msaada ni yule aliyenyamaza ghafla, mdomo wazi, hewa haipiti, rangi ya midomo inabadilika. Kwa mtoto aliyezidi mwaka mmoja na kwa mtu mzima, mwinamishe mbele, umpige kwa kisigino cha kiganja mara 5 katikati ya mabega. Kisipotoka, simama nyuma yake, ngumi moja baina ya kitovu na mwisho wa kifua, mkono wa pili uishike ngumi, uvute ndani na juu kwa ghafla mara 5. Rudia hivyo kwa zamu. Mja mzito avutwe kifuani na si tumboni. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja alazwe kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini kuliko kifua, apigwe mgongoni mara 5 kwa kiasi; kisha ageuzwe, abonyezwe katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5. Tumbo lake lisibonyezwe, kwani ini lake bado ni kubwa na laini. Wala usitie kidole kupapasa usichokiona, maana utakisukuma mbele. Nitasema hapa jambo ambalo halitapendwa: kokwa za ubuyu, hata ule wetu mtamu wa rangi nyekundu, pamoja na njugu nzima, si vitu vya kumpa mtoto aliye chini ya miaka mitano.

Mwiba wa samaki ni habari nyengine, na kwetu visiwani hakuna asiyekutana nayo. Mwiba ulionasa kooni huchoma lakini hauzibi hewa. Mimi nilipokuwa mdogo nilimezeshwa matonge matano ya wali mkavu ili yausukume, na ulishuka kweli, nikakua nikiamini ndiyo dawa yake. Baadaye kazini niliwaona waliosukuma kwa tonge, mwiba ukazama kwenye ukuta wa umio, wakaja siku ya tatu na homa na shingo iliyovimba. Kunywa maji kidogo, tulia, tazama kwa tochi. Unaoonekana waziwazi mbele ya koo aweza kuutoa mtu mzima mwenye mkono mtulivu. Usioonekana, na kila unapomeza unachoma pahala pale pale, ni wa hospitali, siku hiyo hiyo.

Kwa damu, kisu na panga vinajulikana, ila mbuzi ya kukunia nazi nayo ina sifa zake: meno yake huacha jeraha lililochanika vibaya. Dawa ya damu inayotoka ni kukandamiza. Kunja kitambaa safi, kiweke juu ya jeraha, ukandamize kwa kiganja kwa dakika 10 za saa bila ya kufunua kuchungulia, kwani kila ukifunua unalibandua donge la damu lililoanza kuganda na unaanza upya. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake na ukandamize zaidi. Unga wa kahawa, tumbaku, majivu, utando wa buibui na mafuta ya taa havizuii damu. Kinachoizuia ni ule mkono uliokuwa ukivishikilia, na sifa vikapewa vyenyewe. Damu ikisimama, jeraha dogo lioshwe kwa maji safi na sabuni. Kilichochoma na kubaki ndani, kama kipande cha kioo au msumari mrefu, kisivutwe. Kandamiza pembeni yake, hospitali watakitoa. Kidole kilichokatika kikafungwe kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kiingizwe ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko huo ndio uwekwe juu ya barafu, kidole chenyewe kisiiguse. Kukaza kamba juu ya jeraha ni jambo la mwisho kabisa, kwa mkono au mguu unaomwaga damu ambayo mkandamizo umeshindwa na maisha yako hatarini: iwe bendeji au kitambaa kipana, vidole vitatu au vinne juu ya jeraha, si juu ya kiungo, na saa iliyofungwa iandikwe. Damu ya pua, kinyume na tulivyozoea, haitaki kichwa kiinuliwe juu, maana hapo damu humezwa na kumtapisha mtu. Ainame mbele, abane sehemu laini ya pua kwa dakika 10, apumue kwa mdomo.

Degedege linawatisha watu kuliko yote niliyoyataja, na kwa haki, kwa sababu mtoto anayegeuza macho na kukakamaa huonekana kama anakata roho. Kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5, mara nyingi sababu ni homa iliyopanda, na mengi huisha yenyewe kabla ya dakika 5. Kazi yako ni kuviondoa vinavyoweza kumuumiza: seredani, ukingo wa kitanda, mto uliomfunika uso, nguo iliyobana shingo. Mlaze ubavu ili mate na matapishi yatoke nje, tazama saa, usimkamate kwa nguvu. Kijiko kisitiwe baina ya meno; hakuna mtu anayeumeza ulimi wake, lakini wako waliovunjwa meno kwa kijiko. Asinyweshwe kitu, asimwagiwe maji ya baridi, asifukiziwe moshi, kwani anayeshindwa kupumua vizuri hatasaidiwa kwa kupunguziwa hewa. Likizidi dakika 5, likirudi kabla hajaamka sawasawa, au akiwa hajawahi kupata kabla, aende hospitali mbio. Na hata likisha lenyewe, homa iliyolileta ni lazima ichunguzwe, kwa kuwa malaria na homa ya uti wa mgongo huanza kwa sura hiyo hiyo. Anayetaka kumsomea mtoto dua amsomee ndani ya gari. Ninachokataza ni kuchelewesha safari, si dua.

Kuna nyumba zenye kisima kisicho na mfuniko au pipa la maji uani, na ndoo yenye maji ya kina cha shubiri inatosha kumzamisha anayejifunza kutembea. Mtoto aliyetolewa majini asishikwe miguu akaning'inizwa, wala tumbo lisikandwe ili maji yatoke. Kilichomkosa ni hewa. Kama hapumui, mlaze chali, inua kidevu, ziba pua yake na umpulizie mdomoni mara 5, kila mara kifua kiinuke. Mtoto mchanga mdomo wako ufunike pua na mdomo wake kwa pamoja. Asipozinduka, mbonyeze katikati ya kifua kwa kina cha thuluthi moja ya unene wa kifua chake, mara 30 kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kisha pumzi 2, na kuendelea hivyo bila ya kukata tamaa mpaka apumue au msaada ufike, huku mtu mwengine akitafuta gari. Mtu mzima aliyeanguka ghafla na hapumui naye abonyezwe vivyo hivyo, kina cha sentimita 5 hadi 6, na asiyeweza kupuliza abonyeze tu. Haya hayajifunzwi vizuri kwa kusoma. Ukipata nafasi ya kufundishwa kwa mikono, kituoni au skuli, usiiache.

Aliyenaswa na umeme asiguswe kabla ya swichi kubwa kuzimwa. Ukishindwa kuifikia, simama pahala pakavu na umsukume kwa mti mkavu. Alama ndogo ya kuungua kidoleni isikudanganye, kwani umeme huunguza njia yote uliyopita ndani, kwa hivyo aende hospitali.

Kwa kuwa uko Pemba, siwezi kuacha mkarafuu. Msimu wa mchumo watu huanguka, na majirani wenye huruma humnyanyua majeruhi kwapa na miguu wakampakia kwenye bodaboda baina ya watu wawili. Kama ana maumivu ya shingo au mgongo, au miguu yake imekufa ganzi, safari hiyo yaweza kumlemaza. Mwache alivyolala, mmoja amshikilie kichwa kisigeuke, wengine watafute ubao mpana au mlango, wamgeuze kwa pamoja kama gogo, kichwa na kiwiliwili vikienda sawa, na wamsafirishe kwenye gari yenye nafasi ya kulala.

Na kuna jambo moja ambalo maji ya moto yana kazi, nalo ni mwiba wa taa na samaki wengine wenye sumu kwenye miba. Mguu uliochomwa utumbukizwe katika maji ya moto kiasi cha kuvumilika, yasizidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90. Yapimwe na mtu mwengine kwa mkono wake, kwani aliyechomwa, kwa ukali wa maumivu, anaweza kuungua bila ya kujua, tukarudi tulikoanzia.

Hayo ya gari ya usiku uliyoyataja yana uzito kuliko sanduku lolote la dawa. Kabla hakijatokea kitu, patana na jirani mwenye gari, uandike nambari yake na ya sheha wako ukutani kwa maandishi makubwa ambayo hata mtoto wa skuli atayasoma, na ujue usiku ule utaelekea wapi, ikiwa ni hospitali ya Wete, ya Chake Chake au ya Abdalla Mzee iliyopo Mkoani. Ama sanduku lenyewe, mimi langu lina bendeji, vitambaa vya kidonda, plasta, mkasi, glavu, sabuni, parasetamoli, pakiti za chumvichumvi ya kuongezea maji mwilini na tochi yenye betri nzima, kwa sababu umeme ukikatika ndipo watu hujikata. Kanga kuukuu iliyofuliwa, ikapigwa pasi na kuwekwa ndani ya mfuko safi, inaweza kuchukua nafasi ya nusu ya vitu hivyo.

Nimalizie na kovu la mwanao. Kidonda cha moto kilichofunga bado kinaendelea kubadilika kwa mwaka mzima au zaidi; hukaza, huwasha, na huinuka. Kila siku, baada ya kuoga, mpake mafuta ya mgando yasiyo na manukato na umkande kovu kwa dole gumba, kwa mizunguko ya polepole, dakika chache asubuhi na jioni. Jua la mchana lisilipige. Nguo ya mikono mirefu inatosha. Kucha zake ziwe fupi. Kwa kuwa hukuniambia kama kovu linapita kwenye kiwiko, jipimie mwenyewe: mpe kitu anachokipenda kwa umbali, kwenye mkono wa kulia, uone kama anaunyoosha sawasawa na wa kushoto. Akiunyoosha, endelea kucheza naye hivyo kila siku, aufikishe juu ya kichwa na mbele. Akiwa anaukunja kidogo, au kovu linavuta kwapa au kifua, mrudishe hospitali wiki hii uombe aonwe na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kwa sababu kovu likishaukaza mkono huwa haulegei wenyewe, na kadiri mtoto anavyokua lenyewe halikui pamoja naye.